Kula Ulichochoma

"Mwanamichezo wa wiki," ilisema Pishi kwa ile sauti yake ya mshereheshaji wa harusi, "kwa mara ya nne mfululizo, ni Mzee Shaame Vuai. Amechoma wastani wa kalori mia tisa na hamsini kwa siku. Leo anarudishiwa kalori mia tisa na hamsini. Hongera sana, Mzee."

Mzee Shaame, mtaalamu wa miamba kutoka Wete, Pemba, miaka sitini na moja na kitambi cha zamani kilichobaki jina tu, alinyanyua mikono yote miwili mithili ya mgombea aliyepita bila kupingwa.

"Ahsanteni, ahsanteni. Siri ni nidhamu tu."

Lwitiko alimkodolea macho. Huyu ndiye aliyekuwa fundi wa kituo, kijana wa Tukuyu wa miaka ishirini na minane, na alikuwa ameshuka kwenye mashine ya kukimbilia dakika kumi tu zilizopita. Jasho la Mwezini halitiririki upesi, linamng'ang'ania mtu. Lake lilikuwa bado limemkalia shingoni donge zima. Na Pishi ilikuwa imemtangazia mia mbili na hamsini.

"Saa mbili nzima nakimbia, napewa mia mbili na hamsini," alisema. "Mzee, kwani wewe unakimbia saa ngapi? Mbona sijawahi kukukuta?"

"Alfajiri, mwanangu. Nyie mnakuwa mmelala fofofo."

Basi hapa ni lazima tuelewane mapema, kwa sababu watu huwa wanauliza. Kituo cha Ukingoni kilikuwa na watu wanne, kimekaa kwenye mdomo wa shimo kubwa la Mwezi, na kila mtu pale alikuwa na uzito wa moja ya sita ya uzito wake wa nyumbani. Inapendeza kusikia, lakini ni balaa. Mwili usiobeba mzigo unaona mifupa ni matumizi mabaya, unaanza kuipunguza. Kwa hiyo sheria ilikuwa saa mbili za mazoezi kila siku, umefungwa mikanda ya mpira inayokuvuta chini, na bangili mkononi. Jioni bangili inaiambia Pishi umechoma kiasi gani, na Pishi, mashine iliyokuwa ghala, mizani na mpakuzi kwa pamoja, inakuongezea chakula kile kile ulichochoma juu ya posho ya kawaida. Umechoma, unakula. Haki bin haki.

Semeni alitua sinia mezani. Yeye alikuwa mtaalamu wa lishe wa kituo, na kwa kuwa kituo hakikuwa na mpishi mwingine mwenye mikono, ndiye aliyekanda chapati pia, zile chapati za kijani za unga wa mwani. Wabunifu wa Pishi walikuwa wamepanga sahani nne. Mzee Shaame aligoma siku ya kwanza kabisa, akasema hakutoka Pemba kuja Mwezini kula kama mgonjwa wa wodini. Ikabidi litengenezwe sinia lenye alama nne za rangi pembeni, na Pishi ikawa inammwagia kila mtu upande wake.

Mzee alikula matonge matatu, akajifuta mdomo, kisha kwa kidole kimoja akasukuma maharage yake na kipande cha chapati hadi upande wa Lwitiko.

"Kula, kijana. Mie nshashiba."

Hakuna aliyeshtuka. Nani ashtuke? Semeni alikulia Kisarawe kwenye sinia la bibi yake, na wazee wote aliowajua walisukuma hivyo hivyo. Yeye mwenyewe akiwa nyumbani aliwasukumia wadogo zake. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kama kunawa.

Nyamizi, mkuu wa kituo, mwanamke mrefu wa Sikonge asiyependa kupoteza maneno, alisubiri watu washushe tonge la mwisho ndipo akafungua skrini yake.

"Ujumbe kutoka Chini," alisema. Chini ndiyo Dunia. Hawakuiita jina lingine. "Meli imeahirishwa tena. Itafika baada ya siku thelathini na tisa."

"Tuna chakula cha siku thelathini na mbili," alisema Semeni.

"Ndiyo maana wamekuandikia wewe. Tukiacha kurudishiwa tunachochoma, tukala posho peke yake, kinafika siku arobaini na mbili. Kamati ya Lishe inasema mtaalamu aamue kabla ya Ijumaa: watu wale walichochoma au wasile."

Swali lile lilikuwa na miba pande zote. Mtu akikimbia asile, mwili unageuka na kumla nyama za mapaja. Asipokimbia, mifupa inalainika. Kwa njia yoyote kati ya hizo, akifika kituo cha njiani kuelekea Chini, madaktari watamsimamisha dakika ishirini kwenye chumba cha uzito wa Dunia, na akianguka, hashuki. Anabaki hapo miezi minane akifundishwa kutembea. Na meli hii hii iliyochelewa ndiyo ingemrudisha Mzee Shaame nyumbani, baada ya miaka miwili, kumwoza binti yake wa mwisho, Raya. Mzee alishaikariri hotuba ya harusi. Wote walishaikariri.

"Kuna jingine," Nyamizi aliendelea. "Kamati imevutiwa mno na Mzee Shaame. Inataka video ya mazoezi yake, ili na vituo vingine viige."

Mzee Shaame alipaliwa na maji.

*

Asubuhi Semeni alichukua kamera akaenda chumba cha mazoezi. Hapakuwa na mtu. Aligusa mkanda wa mashine, baridi. Aligusa mikanda ya mpira ya Mzee, ile yenye utepe wa kijani, na vumbi likambaki kidoleni.

Kisha akasikia sauti, akaifuata hadi maabara ya mawe.

Mzee Shaame alikuwa ameketi raha mustarehe kwenye stuli, miguu ameitupa juu ya sanduku, anaongea na mkewe kwa simu ya picha. Alikuwa anamsimulia ile mechi aliyodaka akiwa kijana, ambayo Bi Riziki bila shaka alikuwa ameisikia miaka thelathini.

"Mpira huo unakuja! Huu hapa! Mie nikaruka hivi," mikono ikapaa, "nikaukosa, nikaurudia hivi," mikono ikazunguka, "refa naye anakuja kanikunjia ngumi, nami namwambia, weye refa, weye, weye!" Na kila "weye" ilikuwa na kidole chake.

Semeni alitazama bangili ya Mzee. Kalori mia na arobaini. Refa alipotolewa nje ya uwanja, mia na sabini. Ilipofika penalti, mia mbili na thelathini, na asubuhi ilikuwa bado mbichi.

Bangili ile ilipima vitu vitatu: joto la ngozi, mapigo ya moyo, na zaidi ya yote mwendo wa mkono. Walioitengeneza walikuwa watu watulivu wanaoongea mikono ikiwa mifukoni. Kwao mkono unaorukaruka namna ile ungekuwa wa mtu anayekimbia kuokoa maisha yake. Hawakuwahi kukaa barazani na Mpemba mwenye hadithi.

"Mzee Shaame."

Mzee aliruka, bangili ikaongeza mbili. "Riziki, ntakupigia." Akazima simu. "Ah, Semeni. Ndo kwanza nimetoka kukimbia, napumzika."

"Mashine ina baridi, Mzee. Mikanda yako ina vumbi."

Kwa mara ya kwanza tangu Semeni amjue, mikono ya Mzee ilitulia mapajani.

"Umenifuma," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu meli ilipoahirishwa mara ya kwanza. Mwezi sasa."

"Kwa nini, jamani?"

"Hesabu si ngumu, mwanangu. Nikikimbia ntaona njaa. Nikiona njaa ntakula. Nikila, nimemlia yule kijana, na yule ndiye anayetoka nje kutengeneza mitambo tunayopumulia. Nikikaa, njaa hainijii sana. Hiyo bangili ikinipa sifa za bure, si vibaya. Chakula kinakuja sinia, namsukumia."

Semeni alimshika mkono akampeleka kwenye mizani. Mzee alikuwa amepungua kilo saba. Nguo za kituo ni pana, na mtu mchangamfu hakondi machoni pa watu.

"Na harusi ya Raya?" Semeni aliuliza. "Utasimamaje dakika ishirini kwa miguu hii?"

Mzee aliangalia pembeni. "Mie ntasimama tu. Mtu husimama kwa kutaka." Lakini hakulisema kwa sauti ya kuaminika. "Usimwambie Lwitiko. Akijua, ataacha kula. Namjua, ana kiburi cha heshima. Nakuomba, Semeni. Nakuomba kama mwanangu."

Ombi la namna hiyo kutoka kwa mzee wa namna hiyo! Semeni alitoka mle ndani akiwa amemkasirikia, amemhurumia, na kamera yake haina kitu.

*

Alimkuta Lwitiko kwenye mashine, amefungwa mikanda, anakimbia kama aliyefukuzwa na nyuki, mikono yote miwili imekamata vyuma vya kushikia. Mikanda ya mpira ilimvuta kwa nguvu, na kila mtu mwenye akili alishika vyuma. Mzee naye zamani alishika.

"Nionyeshe bangili."

Dakika hamsini za kukimbia: tisini na nane. Semeni aliiona dosari palepale, akataka kujipiga kofi. Mkono umetulia kwenye chuma, bangili inadhani jamaa amesimama foleni benki. Akaivua mkononi, akamfunga kifundo cha mguu.

"Endelea. Dakika kumi."

Zilipopita dakika kumi alipiga hesabu ya saa mbili: mia saba. Mtoto wa watu alikuwa anachoma mia saba kila siku na anarudishiwa mia mbili na hamsini. Kwa alichorudishiwa na Pishi, Lwitiko alipaswa kuwa amekonda vibaya. Na hakuwa amekonda hata kidogo.

"Dada Semeni, nikuambie kitu?" Lwitiko alisema akihema. "Natoka hapa njaa inanikwangua. Lakini nikikaa kwenye lile sinia, nashiba. Kila siku. Sinia letu lina baraka."

"Lina," alisema Semeni, akatoka haraka kabla uso wake haujamsaliti.

Jikoni alimimina unga, akaanza kukanda. Alikanda kwa hasira, kwa viganja na viwiko. Halafu, kwa sababu siku ile alikuwa ameamua kutazama, akaitazama bangili yake mwenyewe. Thelathini. Hamsini na tano. Tisini.

Mama wee.

Kusema kweli hakushangaa. Alishajua. Kwa miezi alikuwa akirudishiwa mia tano kwa siku, naye kwenye mashine alikuwa mvivu wa kutupwa. Kila jioni, sinia likishaondoka, alijikalia jikoni na chapati moja ya nyongeza na chai ya tangawizi, akijiambia kwamba mashine haidanganyi na mtaalamu ni lazima aiheshimu mashine. Chapati tamu, laini, aliyoiacha motoni muda aupendao yeye. Na wakati yeye anaitafuna, Mzee Shaame alikuwa anapungua.

Alifunika donge kwa kitambaa, akakaa kwenye kibao. Hamu ya kazi ilimwisha kabisa.

*

"Mnyamwezi," alisema akiingia ofisini kwa Nyamizi, "bangili zako ni mbovu kama barabara za kwenu."

Nyamizi hakuinua kichwa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na utani ulivuka anga pamoja nao. Semeni angeweza kumwambia mkuu wa kituo maneno ambayo mwingine angefukuziwa. "Mzaramo akiacha ngoma akaja ofisini, kuna msiba. Kaa. Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu."

Hapo Nyamizi aliinua kichwa. Semeni alimweleza yote: vyuma vya kushikia, penalti, kilo saba, sinia. Alimweleza yote isipokuwa chapati. Alifika kwenye chapati, akaizunguka, akaendelea mbele.

Nyamizi alisikiliza, akapiga hesabu kwenye skrini. "Basi ni rahisi. Bangili zihamie mguuni, tujue nani anachoma nini kweli. Wote tuchome, wote turudishiwe nusu. Si yote, si sifuri. Nusu inafika siku thelathini na nane. Siku ya mwisho tutakunywa chai tuimbe."

"Nusu inatosha kumsimamisha Mzee?"

"Wewe ndiye mtaalamu."

"Akianza kukimbia polepole leo, akila posho yake yote na nusu ya anachochoma, atasimama. Lakini ale kweli. Chakula kiingie tumboni mwake."

"Ndiyo nasema ni rahisi. Sinia tunaliondoa. Kila mtu na sahani yake, sahani yako usipoimaliza huondoki mezani. Leo leo tunajaribu."

Kwa Lwitiko walisema tu kwamba bangili zilikuwa na hitilafu. Hawakumtaja Mzee. Semeni alikuwa ameombwa, na ameombwa kama mtoto.

*

Jioni ile meza ilikuwa na sahani nne. Zilikaa pale zimetengana kama watu waliogombana.

Watu walinawa, wakakaa. Hakuna aliyeanza. Mzee Shaame aliitazama sahani yake, akamtazama Nyamizi, na adabu ya miaka sitini na moja ikamshinda.

"Karibuni," alisema.

"Karibu na wewe, Mzee," alisema Lwitiko.

"Ahsante, karibu Mkuu."

"Starehe, Mzee. Kula."

"Nile vipi na weye hujaonja changu?" Na kabla amri haijatoka, kipande cha chapati kilikuwa kimeshapaa hadi sahani ya Nyamizi. Nyamizi, kwa kutahayari, akampa yeye kijiko cha maharage. Mzee akayapeleka kwa Lwitiko. Lwitiko, ambaye hakukubali kupewa na mzee mbele za watu bila kurudisha, akampa Semeni nusu ya mboga. Semeni alikuwa na chapati ile moyoni. Akaigawa sahani yake yote huku na huku, hata hakujua nani kapata nini.

"Jamani kuleni," alisema.

"Mie nshashiba," alisema Mzee.

"Mimi pia nimetosheka," alisema Lwitiko, na tumbo lake likanguruma hadi vijiko vikasikia.

"Nimeshiba," alisema Nyamizi kwa ukali.

"Nimeshiba," alisema Semeni.

Walibaki wanatazama vyakula vilivyopoa, watu wazima wanne wenye njaa, kila mmoja anaapa kashiba. Hapo Pishi, ambayo kazi yake ilikuwa pia kupima mabaki, ikapiga kengele yake ya furaha.

"Mabaki ni asilimia thelathini na nne. Kituo kimeshiba. Kuanzia kesho posho inapunguzwa kwa asilimia thelathini na nne. Hongereni kwa kutopoteza chakula!"

"Wewe Pishi, mshenzi nini!" Nyamizi alifoka.

Mzee Shaame alicheka, akainuka kwenda kunawa. Magoti yakakataa.

Kuanguka Mwezini kunachukua muda. Ndiyo ubaya wake. Huku nyumbani mtu akianguka unakuta ameshaanguka. Kule unamwona anavyokwenda. Wote watatu walimwona Mzee akienda chini taratibu, mkono umenyooka kutafuta meza na kuikosa, uso wake ukionyesha aibu zaidi ya maumivu, na waliinuka wote lakini hakuna aliyemuwahi.

"Sijaanguka," alisema kutoka sakafuni. "Nimekaa."

Lwitiko ndiye aliyemshika. Alimshika juu ya kiwiko, kwenye msuli, au pale ulipopaswa kuwa msuli, na mkono wake ukafunga mzunguko mzima hadi vidole vikakutana. Akabaki amechuchumaa pale, ameushika.

"Mzee," alisema polepole, "wewe si mwanamichezo wa wiki? Chakula chote hicho kilikuwa kinakwenda wapi?"

Lwitiko aliutazama mkono ule, kisha akaitazama meza, sahani yake iliyojaa vipande vya watu, na Semeni aliona jinsi jibu lilivyomfikia. Kijana alifumba macho.

"Mimi sili tena humu," alisema.

"Umeona?" Mzee alimgeukia Semeni karibu kulia. "Nlikwambia! Nlikwambia ataacha kula!"

"Siwezi kumeza chakula cha mzee anayekufa njaa! Nyumbani nitasema nini?"

"Na mie ntasema nini kwa mamako, nimekula na weye unafanya kazi?"

"Basi kula wewe!"

"Nimeshiba!"

"Kelele!" alisema Nyamizi. Chakula kilikuwepo. Hesabu ilikuwepo, nzuri, ya nusu kwa nusu. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa akala.

Semeni aliwatazama wote watatu, akawachukia kidogo, akajichukia zaidi. Hakuna mashine iliyowahi kuambiwa ukweli na meza ile. Bangili zilidanganywa na mikono, na wao walidanganyana kwa midomo, kwa heshima kubwa, mara tatu kwa siku. Na yeye, mtaalamu, alikuwa na barua ya Kamati inayosubiri jibu kutoka kwa watu walioshiba.

"Nina njaa," alisema.

Wote walimtazama kana kwamba amevua nguo.

"Nina njaa sasa hivi. Na jana nilikuwa sina, kwa sababu kila jioni, mkishaondoka, nakula chapati nyingine jikoni. Bangili inanihesabia kukanda unga, nami najua, na nakula. Miezi minne. Mzee anapungua kilo saba, mimi nimeongezeka mbili." Alinyoosha mkono kuelekea sahani yake. "Naona aibu hadi basi. Lakini nina njaa, na naomba sahani yangu, na nitaila yote mbele yenu."

Aliketi. Alikusanya vyakula vyake kutoka sahani za watu, kimoja kimoja, akaanza kutafuna huku machozi yakimkalia mashavuni bila kudondoka.

Utani mzuri ungefaa sana pale, na Semeni aliusubiri. Lakini Nyamizi alivuta kiti chake.

"Mimi nina njaa tangu Jumanne," alisema mkuu wa kituo. "Nilidhani mkuu haruhusiwi." Akajivutia sahani.

Lwitiko bado alikuwa amemshika Mzee. "Nina njaa," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto. "Mzee, nina njaa kila saa. Nikilala naota ndizi za kwetu. Lakini sili mpaka na wewe useme."

"Mie nimeshi..."

Tumbo la Mzee Shaame likalia. Lililia kwa muda, tena kwa mlio wa kupanda na kushuka. Siku nyingine wangecheka hadi wakae chini. Hakucheka mtu.

Mzee aliinua mikono, ile mikono ya penalti na refa, akaishusha bila kuitumia.

"Nina njaa, wanangu," alisema. "Nina njaa sana."

*

Semeni aliiandikia Kamati asubuhi yake, mistari mitatu. Kwamba watu watakula nusu ya wanachochoma. Kwamba bangili zivaliwe mguuni, na Pishi isisikilize mabaki. Kwamba video haitapatikana, na kila kituo chenye mwanamichezo wa wiki kimchunguze haraka. Sababu ya chapati aliiandika pia, kwa jina lake. Kisha akaenda chumba cha mazoezi.

Mzee Shaame alikuwa juu ya mashine. Hakukimbia, alitembea, mikanda ikimvuta, Lwitiko akiwa pembeni na mkono umetangulia endapo angeanguka. Dakika ya saba alisema anakufa. Ya kumi alisema wamwambie Riziki alimpenda. Ya kumi na mbili Semeni alizima mashine.

"Mzee Shaame Vuai," ilitangaza Pishi, "umechoma kalori sitini. Unarudishiwa kalori thelathini." Haikumpongeza. Kwa kiwango chake yalikuwa maporomoko ya kutisha.

Walikaa kula. Semeni alimwekea Mzee posho yake ya asubuhi, na juu yake, peke yake, kipande cha chapati cha kalori thelathini. Kilikuwa kidogo, kingeingia kwenye kiganja cha mtoto. Posho Mzee aliimaliza bila neno. Halafu akakichukua kile kipande.

Mkono ulitoka. Ulikwenda wenyewe, kama ulivyozoea, ukavuka meza kuelekea kwa Lwitiko, na chapati ndani yake. Katikati ya meza ukasimama. Lwitiko alikuwa hajala bado na alikuwa ana njaa, kila mtu alijua hivyo kwa sababu alikuwa amesema. Hakukipokea. Nyamizi aliacha kunywa chai.

Mzee Shaame aliutazama mkono wake kama unaomilikiwa na mtu mwingine. Midomo ilimcheza, "karibu" ikafika kwenye meno, akaibana. Kisha akaurudisha mkono kwake, pole pole, safari ndefu kuliko zote alizofanya Mwezini, akatia chapati kinywani, akatafuna peke yake mbele ya watu watatu bila kumkaribisha hata mmoja. Macho yalimjaa.

Alimeza. Akafuta mdomo.

"Bado nina njaa," alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa kituo cha polisi.

"Basi kesho tembea dakika kumi na tano, Mzee," alisema Semeni.